Pasipoti ya India, nimezaliwa Dar: masta niende Ujerumani, Marekani au Uingereza?

Chipukizi wa Upanga:

Wakuu habari za usiku.

Nijitambulishe kwanza maana najua kuna mtu atauliza "we Mhindi umejulia wapi Kiswahili". Nimezaliwa Dar, nimekulia Upanga, dingi ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo miaka na miaka, ila familia yetu hatukuwahi kuchukua uraia wa Tanzania, wote tuna pasipoti za India. Nilipomaliza darasa la kumi na mbili nikatumwa India kwa ndugu, nikasoma uhandisi wa mitambo Pune miaka minne, nikamaliza 2024. Sa hivi niko kiwandani Chakan, pale nje ya Pune palipojaa viwanda vya magari na vipuri, nalipwa rupia 42,000 kwa mwezi. Njaa sina ila maisha pia sijayaona, hela inaishia kwenye kodi na tifini, yaani kile chakula cha kwenye makopo unacholetewa na mama ntilie wa huku.

Nataka kwenda kusoma masta, Septemba au Oktoba 2026. Huku kila mtu anaenda, kwenye grupu letu la WhatsApp la darasa kila wiki mtu anaposti picha ya eapoti ana begi mbili na taji la maua shingoni, wazazi wanalia pembeni. Nimekaa nikajipimia nchi tatu lakini kila nikipiga hesabu napata jibu tofauti.

Marekani: vyuo vya serikali vya hadhi ya kati, ada na kuishi miaka miwili ni kama dola 60,000, karibu laki 53 za rupia. Laki ni laki ileile yetu wakuu, 100,000, hata neno ni moja. Dingi anaweza kutoa laki 10 au 12 hivi kutoka dukani, iliyobaki laki 40 nikope. Laki 40 ni kama milioni 110 za kibongo.

Benki niliyoenda haitaki kusikia duka la Kariakoo, wanataka mdhamini mwenye kipato India na mali iliyoko India. Mali yenyewe ni nyumba ya mjomba wangu Rajkot. Sasa Kigujarati mjomba anaitwa "mama", na baba mdogo anaitwa "kaka". Nikamwandikia mshkaji wangu wa Upanga kwamba mama ameweka nyumba rehani kwa ajili yangu, jamaa akaenda mpaka dukani kumpa bi mkubwa pole. Nimepigiwa simu na nyumba nzima.

Uingereza: mwaka mmoja unamaliza, hilo ndo linanivutia.

Ujerumani: wanasema bure. Lakini ajenti niliyeenda kumuona hapa FC Road (ushauri wake haulipii, chai unapewa) ananiambia na GPA yangu vyuo vya serikali nisahau, niende chuo binafsi Berlin ada euro 13,000 kwa mwaka. GPA ni 7.4 kati ya 10 na nilikuwa na sapu mbili mwaka wa pili, nilizifuta zote.

Kwa aliyepita njia hizi, hasa kama ni mtu wa pasipoti ya India, we ungeenda wapi na hiyo hela? Na huyu ajenti ananiambia ukweli au ananiuza?

Nawasilisha.


Mtu wa Pembeni:

Ngoja waje wajuzi. Ila leo nimejua kumbe laki tuliwakopa nyie 😂 hatuna deni lakini.


Dada wa Magdeburg:

Bwana mdogo, anakuuza. Asubuhi kweupe kabisa.

Mi ni Mtanzania, digrii nilisomea Bangalore 2014 mpaka 2018, nikaja Ujerumani 2019 kwa masta, bado niko huku. Darasani kwetu Wahindi ndo walikuwa wengi kuliko hata Wajerumani wenyewe, kwahiyo ninachokwambia nimekiona kwa wenzako, wengine nimewapokea mwenyewe stesheni.

Ajenti chai anakunywesha bure kwasababu anayemlipa ni chuo. Vyuo binafsi vinatoa kamisheni kwa kila kichwa, chuo cha serikali huku hakimpi ajenti hata senti. Sasa akikupeleka Magdeburg au Chemnitz yeye anakula nini? Ndo maana GPA yako imekuwa mbaya ghafla.

GPA yako iko hivi. Wajerumani wanabadilisha alama kwa kanuni yao, 1.0 ndo bora kabisa na 4.0 ndo umepona. Wanachukua alama ya juu kabisa ya chuo chako, wanatoa alama yako, wanagawanya kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya kufaulia, wanazidisha mara 3 wanaongeza 1. Ukiweka 10 juu, 7.4 yako, na alama ya kufaulia 4, unapata 2.3. Lakini mtu akiweka alama ya kufaulia ni 5, 7.4 ileile inakuwa 2.56. Na programu nyingi za masta mstari wao uko 2.5! Umeona? Mtu mmoja anaingia mwingine anaachwa na wana GPA sawa, kisa ni ile namba ya kufaulia. Kwahiyo kabla ya kuhangaika na kitu kingine chochote geuza transkripti yako uangalie imeandikwa alama ya kufaulia ni ngapi, kama haijaandikwa nenda chuoni wakupe barua yenye mhuri. Nimeona mtu kakaa mwaka mzima nyumbani kwa ajili ya karatasi hiyo.

Sapu mbili ulizofuta kwa vyuo vingi sio habari.

Ya pili, APS. Hii mi sikukutana nayo, ilianza kuwa lazima kwa waliosoma India kuanzia Novemba 2022. Vyeti vyako vyote kuanzia la kumi, la kumi na mbili, transkripti na digrii vinahakikiwa New Delhi, ada rupia 18,000. Bila hiyo viza hupati na vyuo vingi havifungui hata faili lako. We la kumi na la kumi na mbili ulisomea Dar kwahiyo waandikie mapema uulize wanataka nini kwa vile vyeti vya nje, usisubiri Machi. Vyuo vingi kwa sisi tusio wa Ulaya vinafunga kati ya Machi na Mei, vingine Julai 15, na vingi unapita uni-assist, ile ofisi inayopokea na kukagua maombi kwa niaba ya vyuo, euro 75 chuo cha kwanza, kila kinachofuata 30.

Bure ni bure kweli lakini soma maandishi madogo. Jimbo la Baden-Württemberg, yaani Stuttgart, Karlsruhe na wenzake, wanatoza wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Na TU Munich nao wameanza 2024, masta ni 4,000 au 6,000 kwa muhula. Kwingine kwingi unalipa mchango wa muhula tu, mia na kitu mpaka mia tatu na kitu, na mara nyingi tiketi ya usafiri imo humo.

Hela kubwa ni ile ya akaunti ya kufungia, Sperrkonto. Euro 11,904 unaziweka kabla ya viza, ukifika unaachiwa 992 kila mwezi. Hiyo ni laki 12 na kitu za rupia na ni hela yako, unaila mwenyewe. Mwaka wa pili unajitafutia, wanafunzi wanaruhusiwa siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, mshahara wa chini 2025 ulikuwa 12.82 kwa saa na Januari 2026 ukapanda kuwa 13.90. Mi nimepanga maboksi ghalani usiku, nimesugua sufuria, baadaye nikapata kazi ya nusu muda kwenye fani yangu. Magdeburg chumba nilianza na euro 270. Munich kwa hela hiyo utapewa kivuli.

Sasa ubaya, maana sitaki uje unilaumu. Kijerumani. Programu itakuwa ya Kiingereza, darasani utaelea vizuri tu, afu ukimaliza unakuta kazi za mitambo wanataka Kijerumani cha B2, yaani cha kufanyia kazi, na we unajua kuagiza mkate. Pune hapo mna Max Mueller Bhavan, kile kituo cha kufundisha Kijerumani, Boat Club Road, anza wiki hii. Na sekta ya magari yenyewe imekohoa: Volkswagen walikubaliana Desemba 2024 kupunguza kazi 35,000 mpaka 2030, Bosch Septemba 2025 wakatangaza 13,000. Kwahiyo usije na ndoto ya "nitatengeneza Porsche", njoo na jicho kwenye otomesheni, umeme wa treni, mashine za viwandani, vitu kama hivyo. Ukimaliza una miezi 18 ya kutafuta kazi.

Na viza ikikataliwa zamani uliweza kuandika barua ya kulalamika wakaiangalia tena, kuanzia Julai 2025 wameifuta, unaomba upya au unaenda mahakamani Berlin. Kwahiyo faili liende likiwa limenyooka.


Chipukizi wa Upanga:

Dada nimekaa kitandani nimepiga ile kanuni mara nne. 2.3 na 2.56. Yaani ajenti alinisomea 2.6 akanionea huruma kabisa, akanipa na biskuti.

Transkripti iko kwa mjomba Rajkot nitaomba apige picha kesho.


Mwanza Mpaka Houston:

Wewe kijana nimesoma posti yako mara mbili nikajua humu hakuna atakayekwambia hili jambo.

Mimi nimezaliwa Mwanza, pasipoti yangu ilikuwa ya India kama yako, nilikuja huku kwa masta 2014. Sikuja kukusifia Marekani, mambo ya huku saa hizi yanabadilika kila Ijumaa. Lakini wewe hesabu yako na ya hao wenzako wa grupu la WhatsApp sio moja.

Mhindi akimaliza masta huku anapata mwaka mmoja wa kufanya kazi kwa viza ya mwanafunzi, ile OPT, na kama ni sayansi au uhandisi anaongezewa miezi 24, jumla miaka mitatu. Ndani ya hiyo miaka mitatu inabidi kampuni ikuingize kwenye bahati nasibu ya H-1B, yaani viza ya kazi, nafasi 85,000 kwa mwaka, kati ya hizo 20,000 ni za waliosoma masta huku. Mimi nilitoka mara ya tatu, hizo mbili za mwanzo nilikuwa siamki kitandani. Ukishaipata hiyo ndo unaanza foleni ya grini kadi, na hapo ndipo Wahindi wanapozeeka. Sheria inasema nchi yoyote isizidi asilimia 7 ya zile kadi za mwaka, na India ina watu wengi mno, kwahiyo mtu wa India mwenye masta aliyekuwa anaitwa mwishoni mwa 2025 ni yule aliyepanga foleni 2013. Miaka 12 huyo, na anayepanga leo hata sijui nimwambie nini.

Lakini foleni haiangalii pasipoti. Inaangalia ULIKOZALIWA. Wewe umezaliwa Dar, kwenye foleni wewe ni Mtanzania, unapanga na dunia nzima iliyobaki ambako foleni ni fupi sana. Mimi nilianza 2019, nikapata 2021. Jamaa yangu wa Hyderabad tuliyekaa naye meza moja, digrii moja, kampuni moja, tulianza mwezi mmoja, yeye mpaka leo anasubiri, watoto wake wamezaliwa huku wanamuuliza baba kwanini hatuendi India kusalimia anaogopa akitoka viza isigome kumrudisha.

Kwahiyo cheti chako cha kuzaliwa kitafute, kama ni kile cha zamani cha kuandikwa kwa mkono bi mkubwa aende RITA akatoe kipya, jina liandikwe herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti. Na ukioa, mkeo hata kama kazaliwa Ahmedabad anapanda kwenye foleni yako. Kwenye soko la ndoa la Rajkot hiyo ni mali kubwa kuliko nyumba ya mjomba 😄

Sasa nikurudishe ardhini. Kufika kwenye hiyo foleni ndo kazi. Septemba 2025 wameweka ada ya dola 100,000 kwa H-1B mpya, Oktoba wakafafanua kwamba mwanafunzi aliye ndani ya Marekani anayebadilisha viza hapohapo haimhusu, lakini makampuni yameshaogopa, meneja akisikia neno viza anafunga laptopu. Na viza ya mwanafunzi siku hizi wanataka akaunti zako za mitandao ziwe wazi kwa kila mtu wazipekue.

Laki 40 kwa riba gani benki wamekwambia? Maana kama ni asilimia 11, riba peke yake ni laki 4 na elfu 40 kwa mwaka, na miaka miwili uko darasani hiyo riba inakimbia tu. Ukimaliza unadaiwa karibu laki 49. Ulipe kwa miaka kumi ni rupia 67,000 kila mwezi. Ukipata kazi huku ni hela ya wikiendi mbili, unamaliza mapema. Ukikosa ukarudi Chakan kwenye 42,000 yako, nani analipa? Mjomba ndo anatoka kwenye nyumba.

Ningekuwa wewe na hela ni yangu ya mfukoni ningekuja. Kwa nyumba ya mtu mwingine nisingekuja mwaka huu.


Mvita wa Leicester:

Sasa nduguyangu. Mie wa Mombasa, Mkachhi, babu alikuwa Old Town, nimekuja Leicester 2022 kwa masta ya bizinesi. Hapa huwezi kuona upweke, Belgrave Road yote ni sisi, wale waliofukuzwa Uganda 1972 na waliotoka Kenya kabla yao, unaingia mkahawani unaitisha mogo, muhogo wetu ule wa kukaanga na pilipili na ndimu, muuzaji bibi wa miaka sabini anakujibu kwa Kiswahili cha Jinja.

Ila hiyo mwaka mmoja inayokuvutia ndiyo ilonitesa. Mwaka mmoja maana yake umefika Septemba, Disemba unafanya mtihani, Januari makampuni makubwa washafunga maombi ya kazi ya mwaka ujao nawe hujajua hata basi ya kwenda mjini. Pesa unalipa kwa mkupuo: ada pauni elfu kumi na kitu kwenda juu, viza ilikuwa 524 mwaka 2025, na bima ya hospitali 776 kwa kila mwaka, kwa masta ya mwaka mmoja inakuja 1,164 sababu wanahesabu na ile miezi ya ziada baada ya kozi. Na pesa ya kujikimu ikae benki siku 28 bila kuguswa, ikishuka hata siku moja wakunyima. Binamu yangu babake alitoa kidogo akanunua tairi la gari siku ya 26. Tairi!

Baada ya masomo saa hizi wapewa miaka miwili ya kukaa na kufanya kazi, lakini atakayeomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18. Wewe ukianza Septemba 2026 utamaliza 2027, kwa hivyo wewe ni wa miezi 18. Kisha ili kampuni ikushike kwa viza ya kazi mshahara uwe 41,700, kwa kijana anayeanza wamepunguza ni 33,400. Kazi za kuanzia za uhandisi huku nje ya London nyingi ziko humo humo karibu, kwa hivyo wapata kwa shida au wakosa kwa pauni mia nane.

Mie nimepata, alhamdulillahi, lakini katika sita tulokaa nyumba moja tumebaki wawili. Wanne wamerudi, mmoja ana deni la laki 25 Surat na anaendesha pikipiki ya kuleta chakula.

Kama una dada ama mdogo mwenye BCom ya miaka mitatu, yeye Uingereza ni sawa, hawamsumbui na ile miaka mitatu. Wewe una BE, digrii ya uhandisi ya miaka minne, milango yako mingi, usije huku kwa sababu ya haraka.


Bi Hisabati:

Wanangu nimesoma yote, mmesema vizuri lakini kuna hesabu inapita mbele ya macho yenu hamuioni. Mimi nimefanya kazi benki miaka mingi huko Vadodara kabla ya kuja kwa mwanangu Arusha.

Kijana amesema baba yake anaweza kutoa laki 10 au 12. Dada wa Magdeburg amesema Ujerumani ni laki 12 na kitu kwenye akaunti, weka tiketi, APS, maombi, koti la baridi na hela ya dharura, tuseme 15. Tofauti ni laki 3 mpaka 5. Benki za serikali India mpaka laki 7 na nusu kwa utaratibu wa kawaida wa mkopo wa elimu haziombi nyumba, mpaka laki 4 hata mdhamini wa nje ya familia hawaulizi, mzazi anasaini pamoja na mtoto basi. Kwenye kipato cha mzazi aliye nje watasumbua kidogo, nenda tawi lingine, nenda na mjomba akiwa amevaa shati safi, asaini yeye kama mkopaji mwenza bila kutoa hati ya nyumba.

Kwahiyo Ujerumani hati ya nyumba haitoki kwenye kabati. Marekani inatoka. Hilo ndilo la kwanza kulijua kabla ya kuuliza nchi gani ina kazi.

Na kingine, nyumba ya mjomba sio ya mjomba peke yake. Ana watoto? Wanajua? Nimeona familia zinaacha kusalimiana kwa sahihi moja iliyowekwa jioni kwa furaha. Kabla hajasaini wakalishe wote, na mke wake awepo.

Pia kuna J. N. Tata Endowment, ipo tangu 1892, inawakopesha Wahindi wanaokwenda kusoma nje kwa masharti ya kibinadamu, inahitaji intavyuu lakini jaribu. Erasmus Mundus, ile skolashipu ya Ulaya, pia inalipa kila kitu na euro 1,400 kwa mwezi, dedilaini zao ni mapema, nyingi ni Desemba na Januari, ingia leo usiku.


Mwanza Mpaka Houston:

Bi Hisabati umenifunga mdomo. Kijana fuata hiyo. Cheti cha kuzaliwa hakiozi, ukitaka kuja huku baada ya miaka mitano na digrii ya Ujerumani na hela yako Dar itakuwa bado ni Dar.


Mtu wa Pembeni:

Sasa huyo ajenti biskuti zake arudishiwe?


Dada wa Magdeburg:

Asirudishiwe kitu. Ila bwana mdogo kuna neno moja nililisahau, barua ya kujieleza usimlipe ajenti akuandikie. Huku profesa anasoma barua 400 za Wahindi na 200 kati yake zinaanza na "tangu utotoni nimekuwa nikivutiwa na mashine". We una Chakan. Andika mashine gani unashika kila siku, inaharibika vipi, umeitengeneza vipi, unataka kujua nini usichokijua. Utakuwa umewaacha hao 200 getini. Na ile skolashipu ya Kijerumani, DAAD ya EPOS, usihangaike nayo mwaka huu, wanataka uzoefu wa kazi miaka miwili.


Chipukizi wa Upanga:

Wakuu nimerudi. Samahani kimya, kiwandani tulikuwa na zamu za usiku wiki nzima.

Mjomba ametuma picha ya transkripti, mbele na nyuma, ya nyuma ameipiga na kidole chake kimeziba nusu, nikamwomba arudie. Kwa nyuma chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi imeandikwa alama ya kufaulia ni asilimia 40. Kwahiyo 2.3. Chuoni nimeomba barua hata hivyo, karani kasema niende Jumatatu.

APS nimewaandikia kuhusu vyeti vya Dar, nasubiri jibu. Max Mueller Bhavan nimepata nafasi ya A1, darasa la wanaoanza, ya jioni, mara tatu kwa wiki, natoka Chakan saa 11 nafika saa 1 nikiwa nimeshashikilia mlango wa basi njia nzima. Orodha yangu ni Magdeburg, Chemnitz, Siegen, Kaiserslautern na moja ya kubahatisha, Aachen. Dada kama kuna ninayopaswa kutoa niambie.

Na Bi Hisabati, nilimpigia mjomba nikamwambia mkopo sio laki 40 tena, ni laki 5, na hati ya nyumba aiache kabatini. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Namsikia mke wake kwa nyuma anauliza "kasemaje, kasemaje". Afu mjomba akaniuliza kwani huko Ujerumani mtu asiyekula nyama anakula nini.


Dada wa Magdeburg:

Mwambie viazi. Kama ana wasiwasi mwambie viazi na jibini.

Aachen usiitoe, bahatisha tu. Na barua ya chuo Jumatatu nenda asubuhi kabla karani hajanywa chai, akishakunywa ndo mpaka Alhamisi.